Pesa za Kuokota: Tuzirudishe kwa Nani, na kwa Njia Gani?



Katika ukurasa huu tumezoea kuandika habari za ujira, saa za kazi, na fidia za wenzetu walioumia kazini. Safari hii tunaandika habari ya pesa zilizookotwa kando ya barabara. Pengine mtu atauliza: jambo hili linakihusu nini chama? Tunamwomba asome mpaka mwisho, kisha aamue mwenyewe kama linatuhusu au halituhusu.

JUMAMOSI JIONI, NYAMITYOBORA

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwaka 2022, katika muhula wa pili wa shule. Tulikuwa watu watatu, tumetoka kwenye mkutano wa tawi letu mjini Mbarara, tunakwenda kwa miguu Nyamityobora. Huo ni mtaa ambao wengi wetu tunaoishi kwa kazi za mikono tumepanga vyumba.

Mmoja wetu alikuwa mwenzetu mkimbizi kutoka Kongo. Mke na watoto wake wanakaa Nakivale, wilaya ya Isingiro. Yeye hufanya kibarua mjini, kupakia na kupakua malori, na hurudi kambini kila anapopata nauli. Ujira wake wakati ule ulikuwa shilingi 10,000 kwa siku, yaani siku ambayo kazi ipo. Siku ambayo hakuna lori hakuna ujira.

Tulipofika karibu na tuta la barabarani, mwenzetu huyo alikanyaga kitu kwenye majani ya mtaro. Aliinama akaokota mfuko wa nailoni, ule unaotiwa chumvi, umekunjwa na kufungwa kwa kamba ya mgomba. Alipoubonyeza alinyamaza. Alitutazama, nasi tukaelewa.

Hatukuhesabu pale njiani. Tuliingia chumbani kwa mmoja wetu, tukafunga mlango kwa komeo, tukahesabu mara mbili. Zilikuwa noti 60 za shilingi 20,000, noti 50 za shilingi 10,000, na noti 32 za shilingi 5,000. Jumla yake shilingi 1,860,000. Ndani ya mfuko hamkuwa na jina, wala karatasi, wala namba ya simu.

Mwenzetu alikaa kitandani akiwa ameshika magoti yake. Alikuwa amekwisha piga hesabu. Akasema, "Ndugu zangu, hizi ni siku mia moja themanini na sita za mgongo wangu."

TULIYOYASEMA USIKU ULE

Ndugu msomaji, hatutaki kujifanya malaika. Tutayaandika yote tuliyoyasema, maana wewe pia ungeyasema.

Kwanza tuliangalia shida ya mwenzetu. Nakivale si kambi ya jana. Ilianzishwa mwaka 1958 ikatambuliwa rasmi mwaka 1960, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa katika Afrika. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, na kwa ajili hiyo wengi huja Mbarara kutafuta kibarua. Lakini mwezi wa Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza posho ya wakimbizi katika Uganda kwa asilimia 30, na mwezi wa Februari 2021 ikapunguzwa tena, ikabaki asilimia 60 ya ile ya kawaida. Shule nazo zilifungwa tangu Machi 2020 mpaka Januari 2022. Zilipofunguliwa, kila mzazi alidaiwa karo wakati mfuko umekauka. Wiki ile ile mtoto mkubwa wa mwenzetu alikuwa amerudishwa nyumbani.

Basi mmoja wetu alisema, "Mungu amekuona. Chukua." Yule aliyesema hivyo ni mtu mwema, mwanachama wa miaka mingi, na mchango wa chama hajakosa kutoa.

Hoja ya pili ilikuwa hii: mtu anayetembea na milioni mbili kasoro ndani ya mfuko wa chumvi, akaziangusha asijue, huyo ni tajiri. Hatalala njaa. Sisi tunaojua idadi ya shilingi zetu tunaziangushaje?

Hoja ya tatu ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote, na aliitoa mwenyewe aliyeokota. Alisema, "Mimi ni mkimbizi. Nikipeleka pesa hizi mahali, wataniuliza nimezitoa wapi. Nikisema nimeokota, watasema nimeiba nikaogopa. Na mwenyewe akija, atasema zilikuwa milioni tatu. Hiyo moja nyingine nitaitoa wapi? Kuokota kisicho chako ni kuokota kesi."

Hapo wote tulinyamaza. Tuliona kwamba mwenzetu haogopi umaskini tu. Anaogopa kuwa mwaminifu. Na hofu yake ilikuwa na sababu.

Wengi huhubiri uaminifu kana kwamba ni jambo la moyo peke yake: ukiwa na moyo mzuri utarudisha, ukiwa na moyo mbaya utakula. Sisi tuliokuwa chumbani tuliona kuwa haitoshi. Mtu anaweza kuwa na moyo mzuri na bado asijue pa kupita. Anayevaa suti akirudisha pesa hupewa mkono. Kibarua akirudisha pesa huulizwa maswali.

Ndipo mkubwa wetu kwa umri alipouliza swali moja. Alisema, "Angalieni tulivyokaa. Mlango tumeufunga kwa komeo, tunahesabu kwa kunong'ona. Mwenyewe akiingia sasa hivi, atatuona waokotaji au atatuona wezi?"

Hatukumjibu. Tuliinuka tukafungua mlango.

TULIVYOFANYA

Tulimwita mama mwenye nyumba na jirani mmoja fundi cherehani. Mbele yao tulihesabu tena, tukaandika kwenye karatasi ya daftari: tarehe, saa, mahali zilipookotwa, aina ya mfuko, kamba iliyofunga, idadi ya kila noti, na jumla. Wote watano tulitia sahihi. Mama mwenye nyumba hajui kuandika, akaweka dole gumba. Kisha usiku ule ule tulikwenda nyumbani kwa mwenyekiti wa mtaa, wa LC 1. Alisoma, akahesabu, akatia sahihi na mhuri. Tukapatana pesa zikae kwake ndani ya sanduku la chuma, na karatasi tuiandike nakala mbili, moja yake na moja ya aliyeokota.

Mwenyekiti alitufundisha jambo la maana. Alisema, "Tangazeni kwamba kuna pesa. Msitangaze ngapi, wala zimefungwaje, wala zilikuwa upande gani. Mwenyewe ndiye atakayetuambia."

Asubuhi ya Jumapili kipaza sauti cha mtaa kilitangaza. Tuliwaambia vijana wa boda boda wa steji, maana wao wanapita kila mahali. Msikitini na makanisani walitangaza pia. Dini hizi mbili hazigombani katika jambo hili. Torati inaamuru kumrudishia ndugu yako ng'ombe wake aliyepotea, na kama humjui, umtunze mpaka atakapokuja kumtafuta. Sheria ya Kiislamu nayo inamtaka mwokotaji akitambue kitu vizuri, mfuko wake na kamba yake, kisha akitangaze muda wa mwaka.

Kufika Jumapili jioni walikuwa wamekuja watu watatu. Wa kwanza alisema aliangusha laki tatu. Wa pili alisema pesa zake zilikuwa katika pochi ya ngozi. Wa tatu alianza kwa kutuuliza sisi ni ngapi. Mwenyekiti aliwaaga kwa heshima.

MWENYEWE ALIKUWA NANI

Jumatatu asubuhi alikuja mama mmoja amebeba mtoto mgongoni. Kijana wa boda boda ndiye aliyempa habari. Alisema mume wake ni nyapara katika shamba la migomba upande wa Isingiro. Ijumaa mume wake alikuja Mbarara kwa mwenye shamba kuchukua ujira wa wiki. Alirudi kwa pikipiki, na mfuko ulikuwa ndani ya koti. Alipofika shambani mfuko haukuwapo.

Mwenyekiti akamwuliza, "Mama, zilikuwa kiasi gani?"

Akajibu, "Mwenyekiti, mimi sikuziona. Lakini watu ni thelathini na mmoja, na kila mtu ni siku sita, kwa elfu kumi."

"Na zilikuwa zimefungwaje?"

"Yeye hufunga kila kitu kwa kamba ya mgomba. Hata suruali."

Watu walicheka kidogo, lakini mama yule hakucheka. Mume wake alikuwa amelala polisi siku mbili. Mwenye shamba hakuamini kwamba pesa zimeanguka, na wala sisi hatumlaumu sana, maana ni wangapi wamesema zimeanguka na hazikuanguka? Vibarua 31 hawakulipwa. Baadhi yao walikuwa wamemzunguka nyapara wakitaka kumpiga kabla polisi hawajaja. Na katika hao 31, wanane walikuwa watu wa Nakivale. Mmoja wao anateka maji bomba moja na mke wa mwenzetu aliyeokota.

Basi yule "tajiri asiyejua idadi ya shilingi zake" hakuwapo. Pesa zile zilikuwa siku 186 za migongo ya vibarua wenzetu, sawasawa na hesabu aliyoipiga mwenzetu kitandani, isipokuwa migongo haikuwa yake.

Tulikwenda kituoni sote: mwenyekiti, mama yule, mwenzetu, na sisi wa tawi na karatasi yetu. Mwenye shamba aliitwa. Pesa zilihesabiwa kwa mara ya tano, zikapokewa kwa maandishi, na nyapara akatoka. Jioni ile watu walilipwa.

SHERIA INASEMAJE

Baada ya mambo hayo wengi walituuliza: je, kama mwenzetu angekaa kimya, angekuwa mwizi? Kila mfanyakazi yafaa alijue jibu.

Sheria ya Kanuni ya Adhabu ya Uganda inasema hivi kwa maneno mepesi: mtu aliyeokota kitu kilichopotea akakitumia kama chake hahesabiwi mwizi ikiwa, wakati anapokitumia, hamjui mwenyewe, na tena ana sababu za maana za kuamini kwamba mwenyewe hawezi kupatikana. Sheria za Kenya na Tanzania zina masharti yanayofanana na hayo, kwa kuwa zilitungwa kwa mfano mmoja wakati wa Waingereza.

Angalia vizuri, ndugu. Masharti ni mawili, si moja. Kusema "simjui mwenyewe" hakutoshi. Utaulizwa, "Ulimtafuta wapi?" Kama hukuuliza mtu wala kutangaza, utasemaje kwamba uliamini hawezi kupatikana? Na kama ndani ya pochi mna kitambulisho au namba ya simu, basi umekwisha kumjua. Kwa hiyo karatasi yetu yenye sahihi na mhuri ilimlinda nyapara, na kabla ya nyapara ilimlinda mwokotaji.

Jambo jingine: sheria haimpi mwokotaji haki ya kudai zawadi isipokuwa mwenyewe ametangaza kuwa atatoa. Ukipewa shukrani, pokea bila aibu. Lakini kusema "nipe laki mbili ndipo nikuoneshe" si uaminifu tena.

YALIYOTOKEA KWINGINE

Mwaka 2021 katika nchi ya Liberia, kijana wa pikipiki za abiria, Emmanuel Tuloe, mwenye umri wa miaka 18, aliokota mfuko wa plastiki kando ya barabara. Ndani mlikuwa na kama dola 50,000 za Kimarekani. Alizipeleka kwa shangazi yake kuzitunza. Mwenyewe, mama mfanyabiashara, alipolia redioni akiomba msaada, kijana alijitokeza akazirudisha. Wako watu waliomcheka wakasema atakufa maskini. Rais George Weah alimpa dola 10,000, na yule kijana aliyekuwa ameacha shule akapata nafasi ya kusoma tena.

Habari hiyo inafurahisha, lakini tuwe waangalifu nayo. Si kila mwokotaji atakutana na Rais. Anayerudisha kwa kutegemea zawadi, siku zawadi isipokuja ataona amepunjwa.

Mwaka wa 2019, kabla ya mambo ya Liberia, wataalamu walichapa katika jarida la Science matokeo ya jaribio kubwa. Walikabidhi pochi zaidi ya 17,000 kwa wafanyakazi wa mapokezi katika mabenki, mahoteli, posta na ofisi nyingine, katika miji 355 ya nchi 40, wakisema zimeokotwa nje. Nyingine hazikuwa na pesa, nyingine zilikuwa nazo. Watu wengi wangedhani zenye pesa ndizo zitakazoliwa. Ikawa kinyume. Katika kila pochi 100 zisizo na pesa, walioandika kumtafuta mwenyewe walikuwa 40. Katika kila 100 zenye pesa, walikuwa 51. Katika Marekani, Uingereza na Poland walizidisha pesa mara saba, na waliorudisha wakafika 72. Wataalamu wanasema mtu anapoona pesa ni nyingi huona vigumu zaidi kujitazama kama mwizi.

Kenya, jirani yetu, ilikuwamo katika jaribio, na ilikuwa miongoni mwa nchi za chini kwenye orodha. Lakini yafaa kukumbuka kwamba pochi zile zilikuwa na njia moja tu ya kumjulisha mwenyewe, nayo ni barua pepe. Hatusemi hiyo ndiyo sababu yote. Tunasema hivi: pale ambapo njia ya kurudishia ni ngumu, usipime mioyo ya watu kwa haraka.

ALICHOLIPWA MWENZETU

Sasa tuseme ukweli wa baadaye, maana magazeti husimulia siku ya kurudisha tu.

Mwenye shamba alimpa mwenzetu shilingi 50,000. Vibarua 31 walichanga elfu moja moja, zikawa 31,000, na nyapara alimletea mkungu wa matoke. Aliporudi Nakivale wako waliomshika mkono, na wako waliomwita mjinga mbele ya watoto wake. Wengine walisema ameficha nusu. Mke wake hakumsemesha siku mbili. Mtoto alikaa nyumbani wiki tatu zaidi, mpaka tawi letu lilipomkopesha mwenzetu kutoka mfuko wa kusaidiana, naye alilipa deni hilo kidogo kidogo kwa miezi mitano.

Tunayaandika haya ili asitokee mtu wa kusema uaminifu ni kitu rahisi. Una gharama, na maskini hulipa gharama kubwa kuliko tajiri. Kwa hiyo si haki kumwachia mmoja aubebe peke yake. Chama ni cha nini, kama si cha kubeba pamoja?

PESA AMBAZO MWENYEWE ANAJULIKANA

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu hatutaokota mfuko barabarani maisha yetu yote. Lakini kisicho chetu hutujia kwa njia nyingine.

Siku ya mshahara karani hukosea. Bahasha inazidi elfu ishirini. Wapo wanaosema, "Kampuni ni tajiri." Lakini uliza, mwisho wa mwezi hesabu isipokaa sawa, ni nani atakayekatwa? Mara nyingi ni karani yule yule, naye ni mfanyakazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakupa haki ya kupata maelezo ya mshahara kwa maandishi. Yadai, uyasome. Karatasi hiyo itakuonesha ikiwa umepunjwa, na itakuonesha pia ikiwa umezidishiwa. Atakayerudisha ilipozidi ana sauti kubwa zaidi atakapodai ilipopungua.

Kadhalika pesa za simu. Tarakimu moja ikikosewa, shilingi za karo ya mtoto wa mtu zinaingia kwenye simu yako. Hapo huwezi kusema mwenyewe hapatikani, maana namba yake unayo. Kenya iliandika sheria wazi mwaka 2018: anayezuia kwa makusudi malipo yaliyomfikia kwa makosa anaweza kutozwa faini mpaka shilingi 200,000 za Kenya, au kifungo mpaka miaka miwili, au vyote. Lakini jihadhari na matapeli wanaotuma ujumbe wa uongo wakisema wamekosea. Usitume chochote kabla ya kuangalia salio lako. Ikiwa pesa zimeingia kweli, pitia kwa wakala au kampuni ya simu ili zirudi zilikotoka.

Na hapa tunawageukia waajiri, maana kipimo ni kimoja. Mfanyakazi anakatwa asilimia 5 ya mshahara kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, na mwajiri anatakiwa kuongeza asilimia 10, na zote ziwasilishwe ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Tangu mwaka 2022 sheria inawahusu waajiri wote, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Mwajiri anayemkata mtu halafu haziwasilishi ameshika pesa ambazo hata hakuziokota. Mwenyewe anamjua kwa jina, anamwona kila asubuhi langoni. Kama kibarua anayelipwa elfu kumi ameweza kurudisha milioni moja na laki nane na elfu sitini kwa mtu asiyemjua, mwajiri anashindwa nini? Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa Uganda mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, na muswada wa kukibadilisha uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 haukupata sahihi ya Rais. Wanaotuhubiria uaminifu wayakumbuke na hayo.

Hata hivyo, ndugu, ubaya wa mwajiri si ruhusa yetu. Anayesema "wananiibia, nami nitaiba" mara nyingi huishia kumwibia kibarua mwenzake, kama ambavyo nusura tufanye sisi watatu nyuma ya komeo.

TUNAYOPENDEKEZA KWA MATAWI YOTE

1. Ukiokota pesa usihesabu peke yako. Ita mashahidi wawili au zaidi, na mmoja wao asiwe rafiki yako.

2. Andika tarehe, saa, mahali, namna zilivyofungwa, na idadi ya kila noti. Kila shahidi atie sahihi au dole gumba. Baki na nakala yako.

3. Peleka kwa mwenyekiti wa mtaa au polisi ukiwa na mashahidi. Mkimbizi asiende peke yake. Ofisa wa tawi aende naye, na kambini amwone kwanza kiongozi wa wakimbizi wa kijiji chake.

4. Tangaza kwamba kuna kitu. Usitangaze ni kiasi gani wala kimefungwaje.

5. Usimkabidhi mtu bila maandishi, hata akilia machozi.

6. Tawi limsaidie mwokotaji mwenye shida kwa mkopo au mchango, ili asijutie wema wake.

Tawi letu limeanzisha daftari la vitu vilivyookotwa. Mpaka sasa limeandikwa simu mbili, vitambulisho vinne, karatasi moja ya familia ya mkimbizi, funguo za mahali pasipojulikana, na shilingi 15,000 zilizookotwa kiwandani chini ya benchi. Simu na karatasi ya familia zimekwisha kuchukuliwa na wenyewe. Hizo 15,000 bado zipo, na aliyeziangusha atuambie zilikuwa noti gani.

Mtunza hazina yupo Nyamityobora kila Jumamosi, saa kumi jioni mpaka saa kumi na mbili. Mlango huwa wazi.